Mughal-e-Azam: Kijakazi Aliyeimba Mbele ya Mfalme

Ndugu msomaji, wako watakaouliza: sheikh na picha za Kihindi, wapi na wapi? Swali hilo nalijibu mapema ili tusipotezeane wakati. Picha hizi zimekwisha kuingia majumbani mwetu, tutake tusitake. Huku Issenye, wilayani Serengeti, ambako Waislamu tu wachache na msikiti wetu haujai hata siku ya Ijumaa, kibanda cha video hujaa kila jioni, na kijana ambaye hajapata kufika hata Musoma anazijua sura za wachezaji wa Bombay (mji ambao siku hizi huitwa Mumbai) kuliko anavyozijua sura za ndugu wa babu yake. Kitu kilichokwisha kuingia ndani hakitolewi kwa kufumba macho. Hutazamwa, kikapimwa, lililo jema likasemwa kuwa jema na lililo baya likasemwa kuwa baya. Ama mas'ala ya ngoma na ala za muziki, wanavyuoni wamehitilafiana tangu kale: Imam Ghazali ameyaeleza kwa urefu na kutenganisha namna na namna, Ibn Hazm wa Andalusia akalegeza, na wengine wakakaza. Mlango huo sitaufungua leo, maana nikiufungua hatutatoka.

Picha ninayotaka tuizungumze ni Mughal-e-Azam, yaani Mughali Mkuu, na mkuu huyo ni Mfalme Akbar wa Bara Hindi. Ilitolewa Bombay mwezi wa Agosti 1960. Mtengenezaji wake, K. Asif, aliianza kazi hiyo mwaka 1944 kwa wachezaji wengine kabisa. Ukaja mgawanyiko wa India na Pakistani mwaka 1947, mfadhili wake akahamia Pakistani, mchezaji aliyekusudiwa kuwa Akbar akafariki, na kazi ikalala. Alipopata mfadhili mwingine, tajiri Shapoorji Pallonji, akaanza upya. Basi kutoka kuanza hadi kuonyeshwa ni miaka 16. Kisa chenyewe kimechimbuka katika mchezo wa kuigiza uitwao Anarkali, alioutunga Imtiaz Ali Taj wa Lahore mwaka 1922.

Kwa asiyekijua, kisa ni hiki. Akbar hana mrithi. Anakwenda kwa miguu, bila viatu, juu ya mchanga wa moto, kwenye ziara ya walii kuomba mtoto, na anampata Salim. Mtoto anadekezwa hata anaharibika, baba anampeleka vitani akakomae huko, na anarudi baada ya miaka mingi akiwa mtu mzima na shujaa. Ndani ya jumba la kifalme yumo kijakazi mcheza ngoma, jina lake Nadira. Mchonga sanamu aliyetakiwa kuleta sanamu hakuimaliza kwa wakati, basi anamsimamisha msichana huyo mahali pake, ameganda kama jiwe. Mfalme anapendezwa, anamwita Anarkali, maana yake ua la mkomamanga. Salim anampenda, naye anampenda Salim. Kijakazi mwingine, Bahar, ambaye roho yake iko kwenye taji, anawachongea kwa mfalme. Anarkali anatiwa minyororo, anatolewa, anatiwa tena. Mwana anaasi na kutoka na jeshi kumpiga baba yake vita, anashindwa, anahukumiwa kifo. Anarkali anajileta mwenyewe ili Salim apone, na hukumu yake yeye ni kujengewa ukuta akiwa hai. Mwisho wa mambo nitautaja mbele.

Sasa, visa vya mapenzi yasiyofika bandarini ni vingi, kuanzia Majnun wa Laila wa Waarabu wa zamani. Kilichoitenga hii na nyingine ni kwamba kisa hakisimuliwi kwa maneno, husimuliwa kwa nyimbo. Aliyezitungia muziki ni Naushad, mwana wa Kiislamu wa Lucknow, na aliyeandika maneno ni Shakeel Badayuni. Ukiziondoa nyimbo utabaki na mabishano makali ya baba na mwana, kwa Kiurdu kizito ambacho hata Wahindi wengi hukisikia nusunusu. Ukiyaondoa mabishano na kuziacha nyimbo, kisa bado kitakufikia. Ushahidi tunao wenyewe. Wazee wa Unguja na Dar es Salaam waliokuwa wakikaa kwenye viti vya Majestic, Empire na Avalon kutazama picha za Kihindi, wengi wao hawakujua neno moja la lugha ile, na walitoka wakiwa na machozi. Katika kibanda chetu hapa yuko kijana anayetafsiri kwa sauti juu ya picha, na kazi yake anaijua vizuri, tena ana mzaha. Lakini wimbo ukianza hunyamaza. Nilimwuliza sababu, akanijibu kwamba wakati wa wimbo hakuna anayemhitaji.

Nakuomba, msomaji, ukiitazama picha hii uhesabu jambo moja tu: nani anaimba na nani haimbi. Mfalme haimbi. Hilo si ajabu. Lakini Salim naye haimbi! Katika picha za Kihindi kijana mpenzi ndiye aghalabu anayeimba kuliko wote, milimani na mvuani. Hapa Dilip Kumar, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Yusuf Khan, anakaa saa tatu nzima bila kufumbua kinywa kwa wimbo hata mmoja. Katika kile kipande mashuhuri cha yeye na Anarkali bustanini usiku, ambapo hawafanyi lolote isipokuwa kutazamana na unyoya mmoja kupita usoni mwa msichana, sauti inayosikika ni ya Tansen, mwimbaji wa mfalme, anayeimba kwa mbali. Aliyeimba kwa niaba ya Tansen ni ustadi Bade Ghulam Ali Khan, bingwa wa nyimbo za jadi aliyekuwa hataki hata kusikia habari za sinema. Inasimuliwa kwamba alitaja rupia 25,000 kwa wimbo mmoja akidhani watamwacha, wakati ambapo waimbaji mashuhuri wa picha walikuwa wakilipwa mamia tu. Asif akakubali.

Kwa nini basi mwana wa mfalme haimbi? Kwa sababu hana haja. Yeye anaweza kusema. Akitaka kumjibu baba yake humjibu, akikasirika huchomoa upanga, akitaka jeshi hulipata. Anarkali hana hata kimoja cha hivi. Kijakazi hasemi mbele ya mfalme mpaka aulizwe, na akiulizwa jibu lake linajulikana. Lakini ni mcheza ngoma, na mcheza ngoma ameamrishwa kuimba. Huo ndio mlango mmoja uliosahauliwa wazi katika jumba lile lote, na msichana akapita humo humo. Kila analotaka kulisema maishani mwake hulisema kwa wimbo, tena mbele ya macho ya watu, kwa kazi ile ile waliyomlazimisha. Naona huu ndio moyo wa picha.

Tazama mashindano ya kawali kati yake na Bahar. Kawali, kwa asili, ni uimbaji wa watu wa tarika, hasa wa Chishtiya wa Bara Hindi, wa kumtaja Mungu na kumsifu Mtume. Hapa imegeuzwa mabishano ya wajakazi wawili juu ya mapenzi, Salim akiwa mwamuzi. Bahar anapewa waridi kwa kushinda. Anarkali anapewa miiba. Naye anaipokea kwa furaha, maana mwiba hauogopi kunyauka. Salim anadhani ametoa zawadi za mchezo. Msichana ameelewa kwamba ameonyeshwa maisha yake yatakavyokuwa.

Kisha upo wimbo ambao watu wote wanaujua, ule wa jumba la vioo. Jengo lile la kuchezea picha lilichukua karibu miaka miwili kujengwa, kwa vioo vilivyoagizwa kutoka Ubelgiji. Picha ilipotolewa mwaka 1960 sehemu yake kubwa ilikuwa nyeusi na nyeupe. Wimbo huu na sehemu za mwisho ndizo zilizokuwa za rangi. Fikiri athari yake: umekaa saa nyingi katika dunia ya kijivu, ghafla kijakazi anasimama mbele ya mfalme kusema kwamba anapenda na haogopi, na dunia inapata rangi. Anapozunguka, sura yake inaenea katika kila kipande cha kioo cha dari, na Akbar akiinua macho anamwona huyo huyo kila upande, elfu na zaidi. Anaweza kumfunga mmoja. Hao wengine atawafunga kwa minyororo gani? Mwaka 2004 wafanya biashara waliitia rangi picha nzima na kuitoa upya. Watu walishangilia, na mimi nasikitika, kwani waliipaka rangi hata ile kijivu iliyokuwa ikisubiri wimbo. Sasa rangi ipo tangu mwanzo, na msichana akiimba haiji na kitu kipya. Wameharibu kwa kutaka kupamba.

Lakini hoja ya wimbo huo nina ugomvi nayo. Shairi linajenga hivi: maadamu hakuna pazia kati ya mja na Mola wake, kuna haja gani ya pazia mbele ya waja? Maneno haya ni matamu na ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli hupenya mahali ambapo uongo mtupu haupenyi. Ni kweli hakuna linalofichika kwa Mwenyezi Mungu. Haifuati kutoka hapo kwamba kila kitu kitandazwe barazani. Sitara ni katika neema zake, na tumefundishwa kusitiriana. Vijana wetu wameichukua nusu hii na kuipeleka mbali kuliko Shakeel Badayuni alivyokusudia. Katika kisa, msichana huyu hana pazia lolote la kujificha nyuma yake, amekwisha kuchongewa na amekwisha kufungwa, na anachofanya ni kukataa kusema uongo aliotakiwa auseme, kwamba hakumpenda Salim kwa kweli. Hilo ni jambo jingine kabisa. Ukweli mbele ya mtawala mwenye nguvu una thawabu zake. Tatizo ni kwamba wimbo hutoka ndani ya picha ukaenda zake peke yake, mitaani na harusini, na kule hakuna mfalme wala minyororo.

Ndugu msomaji, wimbo ulionikalisha mimi ni mwingine, na watu wengi huupita upesi. Anarkali yuko gerezani, minyororo mizito mwilini, na pale anamwimbia Bwana Mtume (s.a.w.), akimwelekea Madina, akiomba huruma kwa mtu asiyekuwa na wa kumtetea. Najua kuna watakaoleta hapa mzozo wa tawasuli, na mzozo huo una mahali pake. Nataka uone jambo jingine. Katika wimbo huo hamtaji Salim hata mara moja. Hakuombi kupewa mpenzi. Anaeleza unyonge wake tu, kama mtu ambaye chombo chake kinazama. Yote aliyoyaimba kabla ya hapo yalikuwa na masikio mawili, la kumpendeza mwana na la kumkaidi baba. Huu hauna msikilizaji mle shimoni ila ukuta. Madhubala, aliyecheza sehemu hiyo, jina lake la kweli Mumtaz Jehan, alikuwa na ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa nao, na minyororo ile ilikuwa ya chuma kweli. Alifariki mwaka 1969 akiwa na miaka 36. Ukimtazama usoni katika kipande hicho unajua kwamba uchovu ule haukuigizwa wote.

Sauti anayoimbiwa ni ya Lata Mangeshkar, mwanamke wa Kihindu. Na sauti hiyo hiyo, ndani ya picha hiyo hiyo, imeimba pia wimbo wa sikukuu ya Krishna mbele ya malkia Jodha, mke wa Kihindu wa Akbar. Mimi ni mwalimu wa madrasa na itikadi kwangu ni itikadi, sichanganyi. Lakini naona makusudi ya Asif na Naushad. Picha hii ilitoka miaka 13 tu baada ya mgawanyiko, ambapo Waislamu, Wahindu na Makalasinga walichinjana kwa malaki, na watu wawili Waislamu waliobaki India walitaka kuonyesha jumba moja ambamo watu wa dini mbili wamekaa pamoja. Lililo zuri katika nia hiyo nalikiri. Lisilo zuri ni kwamba kwa ajili yake wamempamba Akbar kupita kiasi, mfalme ambaye mwaka 1582 alizua njia yake mwenyewe ya dini na wanavyuoni wa zama zake wakaumia sana kwa hilo.

Sasa tuje kwetu pwani, maana mahadhi haya hayakubaki Bombay. Mombasa alikuwako Juma Bhalo, Mungu amrehemu, aliyefariki mwaka 2014. Yeye alizichukua nyimbo za picha za Kihindi na kuzivisha mashairi ya Kiswahili kwa ufundi, mashairi yaliyopimwa vina na mizani, mengi yake ya ndugu yake Ahmad Nassir, mwenye Malenga wa Mvita. Mtu hakujua tena kipi cha Bombay na kipi cha Mvita. Na si taarabu pekee. Katika madrasa zetu nyingi, kasida wanazoimba watoto siku ya Maulidi zina mahadhi ya sinema. Ukifumba macho utasikia sifa za Mtume, na mzee aliyekaa nyuma atatabasamu peke yake kwa kukumbuka picha aliyoitazama ujanani. Wapo masheikh wanaolikemea jambo hili, na wana hoja. Mimi naliona la ajabu tu kwamba picha ilichukua kawali kutoka kwenye zawia na kuipeleka kwa wajakazi, kisha waalimu wetu wakachukua wimbo kutoka sinema na kuurudisha madrasa. Ndiyo hali ya mahadhi, hayana kabila.

Hata wenzetu hapa Tanzania wamejaribu njia hii ya kusimulia. Mwaka 2021 Amil Shivji alitoa picha ya Vuta N'kuvute kutokana na riwaya ya Adam Shafi: Yasmin, msichana mwenye asili ya Kihindi aliyeozwa mwanamume mzee, na Denge, kijana anayepambana na serikali ya kikoloni Unguja. Hapo ni taarabu inayobeba yasiyosemeka, kupitia kwa Mwajuma mwimbaji. Si picha ya nyimbo kwa maana ile ya Bombay, ila uhusiano upo wazi: pale pia mwanamke asiyepewa nafasi ya kusema anapata pumzi yake kwenye nyumba ambamo watu wanaimba.

Nirudi kwa Akbar, kwa sababu ndiye mwenye kesi. Watu wengi huisoma picha hii kama kwamba dini ndiyo iliyozuia ndoa ile. Nimeitazama mara kadhaa kutafuta hiyo dini na sikuiona. Hakuna kadhi aliyeulizwa, wala fatwa iliyotolewa. Kumwoa kijakazi muumini si haramu. Kitabu chenyewe kimeruhusu, na makhalifa wangapi wa Baghdad mama zao walikuwa vijakazi! Wanavyuoni wameizungumza kafaa, yaani kulingana kwa mume na mke, lakini kafaa kwa asili ni kinga ya bibi na walii wake asiozwe kwa mtu wa chini yake, haikuwekwa kumzuilia mwanamume asimwoe wa chini yake. Alichokisema Akbar ni kwamba kijakazi hakai kwenye kiti cha enzi cha Hindustan. Hiyo si sheria. Hicho ni kiti.

Linganisha na kisa cha Barira na Mughith, ambacho wanafunzi wa hadithi wanakijua. Barira alikuwa kijakazi, akaachwa huru na Bibi Aisha (r.a.), na kwa kuwa mumewe Mughith alikuwa bado mtumwa, alipewa hiari ya kubaki naye au kumwacha. Akachagua kumwacha. Mughith akawa anamfuata nyuma katika njia za Madina akilia hadharani, machozi yakitiririka ndevuni. Bwana Mtume (s.a.w.) akamwonea huruma, akazungumza na Barira amrudie. Barira akauliza swali moja: je, unaniamuru? Akajibiwa kwamba la, yeye anaombea tu. Akasema basi, hana haja naye. Na mambo yakaishia hapo. Mapenzi ya Mughith hayakufika popote, na machozi yake yameandikwa katika vitabu sahihi bila kuchekwa. Lakini tazama nani aliyekuwa na uwezo wa kuamuru na hakuamuru, tena mbele ya mwanamke ambaye jana yake alikuwa akiuzwa. Ukitoka hapo ukarudi kwenye jumba la vioo, utaona udogo wa yule Mughali Mkuu.

Nasema haya nikijua nasema Issenye. Kwetu huku mahari ni ng'ombe, na ng'ombe wana hesabu: kaka anaoa kwa ng'ombe walioletwa kwa dada yake. Sidharau mila hiyo, ina hekima yake ya kufunga koo na koo. Lakini nimekaa katika suluhu nyingi, za Waislamu na wasiokuwa Waislamu, nikasikia baba akisema kwamba binti yake ameharibiwa na kibanda cha video kwa kuwa ametoroka na kijana asiye na zizi. Nikiuliza kama binti alipata kuulizwa, pakawa kimya. Binti huyo hakuwa na kinywa nyumbani, na hakuwa hata na ngoma ya kuchezea. Akatoroka. Haya yalikuwako kabla ya umeme kufika, wazee wanajua.

Ama vijana, nao nina neno na Salim wao. Kwa ajili ya mapenzi yake aliita jeshi. Picha inatuonyesha vita hivyo kwa maelfu ya watu na farasi, ngamia na mizinga, na watu wanaanguka kama mtama. Kisha Salim anafungwa mbele ya mzinga, na mchonga sanamu anaimba, kwa sauti ya Mohammed Rafi na wasaidizi 100 nyuma yake, kwamba mapenzi yaishi milele. Ni wimbo mkubwa na unatikisa kifua. Lakini wale walioanguka uwanjani, ambao hawakumpenda Anarkali wala hawakupata kumwona, wao hawakuimbiwa. Mama zao hawakuonyeshwa. Picha iliyojua kumpa kijakazi sauti, imewasahau askari wa miguu. Hili ni pengo lake kubwa, na Naushad angeweza kuliziba kwa dakika tatu.

Mwisho wa kisa sasa. Kabla ya kujengewa ukuta, Anarkali anaulizwa ombi lake la mwisho, naye anaomba awe malkia wa Salim kwa usiku mmoja, ili ahadi ya mwana wa mfalme isiwe uongo. Akbar anamvika taji kwa mkono wake, kwa sharti kwamba msichana mwenyewe amleweshe Salim kwa ua lenye dawa asije akazuia hukumu. Asubuhi anachukuliwa. Hapo ndipo mama yake msichana anapojitokeza na pete ambayo mfalme alimpa zamani alipomletea habari ya kuzaliwa Salim, pamoja na ahadi ya kumpa lolote. Anaomba uhai wa mwanawe. Mfalme, asiyevunja ahadi, anawatoa wote wawili kwa njia ya chini ya ardhi, kwa sharti kwamba Salim asijue kamwe.

Watu wengi hutoka hapo wakimsifu Akbar, na picha yenyewe inataka wamsifu. Mimi sikuona huruma ya kusifiwa. Msichana ameachiwa pumzi na kunyang'anywa jina. Mwana ameachwa alie kwa ukuta usio na maiti. Na taji halikuguswa. Mfalme amepata alichotaka tangu mwanzo, na juu yake akapata na sifa ya rehema. Angalau mwandishi wa kisa hakutudanganya kwamba walikuja kukutana.

Kihistoria, kisa chenyewe hakina msingi wa kushika. Habari zilizoandikwa zama za Akbar hazimtaji Anarkali, wala Salim, aliyekuja kutawala mwaka 1605 kwa jina la Jahangir, hakumtaja katika kumbukumbu zake. Aliyeanza kuandika uvumi huo ni msafiri wa Kiingereza, William Finch, aliyefika Lahore miaka ile. Uasi wa Salim ulikuwa wa kugombea ufalme. Mwaka 1611 alimwoa Nur Jahan akamsikiliza kuliko mawaziri, na mwaka 1619 alimfunga Sheikh Ahmad Sirhindi, kwa hiyo tusimfanye naye malaika. Lipo kaburi Lahore linaloitwa la Anarkali. Waingereza waliligeuza kanisa, kisha likawa ghala la nyaraka za serikali ya Punjab, na nyaraka zingali humo.

Atakayeitazama atafute ile ya zamani, nyeusi na nyeupe, na atenge saa tatu na robo baada ya Isha, kwani wengi huianza Alasiri ikawapitia Magharibi. Na kijana wa kibandani nimemwomba asiuruke ule wimbo wa gerezani. Amesema wateja hupiga kelele apeleke mbele. Nimemwambia awaache wapige.